Jicho la Mama Riziki na Namba Zilizokataa Kupatana

Nyinyi vijana mnaosomea kupima macho, mkipita hapa Nyamianda mnanikuta nimekaa mbele ya duka la mke wangu, mnavuta kiti, mnaniuliza mambo ya kazi. Mnataka niwape siri. Siri sina. Nina miaka mingi ya kukaa katika chumba chenye pazia jeusi nikiwaambia watu wasipepese, na katika miaka hiyo nimechanganyikiwa mara nyingi kuliko nilivyoelewa. Leo nitawasimulia jicho lililonichanganya kuliko yote, maana naona mnaziamini mno hizo mashine zenu mpya, na hilo linanitia wasiwasi.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ambaye bado mgeni. Mtu akiwa na mtoto wa jicho, lensi yake ya ndani imekuwa nyeupe na mwanga haupiti. Daktari anaitoa, anaweka nyingine ya plastiki. Lensi hizo zina nguvu mbalimbali, na kila jicho lina namba yake. Kuitafuta namba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Napima urefu wa jicho toka mbele mpaka nyuma, halafu napima mviringo wa konea, yaani kile kioo cha mbele. Mashine inachukua vipimo hivyo viwili, inapiga hesabu yake, inakuambia uweke lensi gani. Ukikosea, mgonjwa anafunguliwa bandeji anakuta ukungu, na lensi ikishaingia, kuitoa tena ni vita.

Nilipoanza hapakuwa na hesabu. Lensi zilikuja za namba moja tu, kila mtu akawekewa hiyohiyo, mvuvi, mwalimu, mkulima wa mpunga kutoka Sange. Wengine walitoka wanaona vizuri kabisa, wengine walitoka wanasalimia nguzo. Ndipo ikaja ekografi, kile kifaa chenye ncha kama kalamu unachokigusisha kwenye jicho. Muuguzi mmoja wa zamani, mtu mkali asiyecheka, ndiye aliyenifundisha. Alinipa nyanya iliyoiva na kuniambia niiguse kwa ncha bila kuacha alama. Niliharibu nyanya nyingi, mke wake akanichukia. “Ukibonyeza jicho unalifupisha,” alikuwa akiniambia, “na mashine itaamini kwamba Mungu aliliumba fupi.” Mpaka leo nikikata nyanya mkono wangu unakuwa mwepesi.

Haya, Mama Riziki. Huyu alikuwa anauza vitenge pale Kavimvira, karibu na mpaka, na alikuwa na sifa ya kutambua kitenge cha kweli na cha bandia kwa kukitazama tu, bila kukigusa. Tulikuwa tunasali kanisa moja. Zamani alivaa miwani mizito, ile ambayo ukimtazama mtu macho yake yanaonekana madogo na ya mbali. Aliogopa kuivua hata kwa kuogea. Halafu siku moja alirudi kutoka Dubai alikokwenda kununua bidhaa, akasimama kanisani bila miwani, akasema Mungu amemponya macho. Akasoma Zaburi akiwa amesimama mbali na kitabu. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma, na miwani yake ikatundikwa ukutani nyuma ya mimbari, pamoja na magongo ya watu waliotembea na bandeji za waliopona vidonda. Ndiyo desturi ya kanisa letu, kila anayepona anaacha kitu.

Miaka ikapita. Jicho lake la kushoto likafa, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilibanduka ghafla na hakuna aliyewahi kuirudisha. Akabaki na la kulia, na hilo nalo likaanza kuingiwa na mtoto wa jicho. Aliletwa kwetu na binti yake Debora, msichana wa chuo, mpole, mwenye tabia ya kufinya macho anapokutazama. Nilimwona akisoma karatasi ya kliniki ameisogeza mpaka puani.

“Debora,” nikamwambia, “na weye ukae hapa nikupime. Hauoni mbali.”

“Hapana, Papa Samweli. Mama aliponywa, akaacha lunette yake ukutani. Na minye nitaponywa. Niko nafunga kila Ijumaa.”

Mama Riziki akakohoa, akasema tuanze.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanza kupotea. Nilipima urefu wa jicho la kulia nikapata milimita ishirini na saba. Jicho la kawaida lina ishirini na tatu na kidogo. Jicho refu hivyo ni la mtu asiyeona mbali, mtu wa miwani mizito, hana namna nyingine. Nikapima konea, ambayo namba yake ikiwa ndogo ni bapa. Watu wetu wengi wana arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne. Yeye alikuwa na thelathini na saba. Konea bapa namna hiyo sijawahi kuiona hapa ziwani, na nimepima watu wa Uvira, wa milimani, hata wa ng’ambo ya mpaka.

Kila mmoja wenu angefanya nilichofanya, angeilaumu mashine. Niliifuta, nikaizima, nikaiwasha. Nikajipima mwenyewe, nikawa wa kawaida. Nikamwita mlinzi wa getini, nikampima, wa kawaida, ila alitaka kujua ana ugonjwa gani mpaka nimpime bila kuumwa. Nikarudi kwa Mama Riziki. Thelathini na saba tena.

Mashine yenyewe haikushangaa hata kidogo. Ilipiga hesabu ikasema weka lensi ya kumi na saba na nusu. Hilo ndilo nataka mliweke kichwani: mashine haijui kushangaa, ile ni kazi yako wewe unayelipwa mshahara.

Jioni ile nilikaa nyumbani nikiwaza, mke wangu akidhani ninaumwa. Nilijiuliza hivi: kama Mungu alimponya, aliponya wapi? Urefu wa jicho uko palepale, jicho la mtu wa miwani. Kwa hiyo aliponya mbele, akaibapaza konea. Lakini kwa nini Mungu abapaze konea badala ya kufupisha jicho? Halafu nikajikemea, mimi ni nani nimpangie Mungu sehemu ya kugusa. Labda alibonyeza kwa kidole chake. Na kama alibonyeza kwa kidole, je, hesabu za kiwanda zinajua kidole hicho? Msinicheke. Ndivyo nilivyowaza, na nilikuwa na akili timamu.

Asubuhi nikapiga picha zile namba, nikamtumia daktari wetu wa upasuaji. Alikuwa anakaa Bukavu, anashuka kwetu kwa majira, na lensi alikuja nazo yeye, hivyo ilibidi ajue namba kabla ya kufunga safari. Akanirudishia ujumbe wa sauti kwenye simu.

“Papa Samweli, huyu muntu alipigwa leza. Iko wazi. Jicho murefu, konea bapa, alisawazishwa konea ili aache lunette. Tukifuata hiyo kumi na saba na nusu tutamukosea. Umuulize alifanya wapi na lini, na alikuwa anavaa lunette ya nguvu gani mbele ya leza. Bila ile siwezi kuchagua.”

Nikampigia. Nikamwambia daktari, huyu mama hakupigwa leza, aliponywa, nilikuwepo, niliona miwani ikitundikwa. Daktari aliniacha nimalize. Kisha akacheka, lakini si kwa dharau.

“Iwe kidole ya Mungu, iwe leza, mu hesabu iko kitu moja. Kioo ya mbele ilipunguzwa. Nipatie tu namba ya zamani. Muntu iko na jicho moja, Papa Samweli.”

Aliniambia na sababu, nami nawapa nyinyi bure. Kifaa chetu cha konea hakipimi katikati yake kabisa, kinapima pembeni kidogo kwa duara, halafu kinakisia yaliyobaki, pamoja na upande wa nyuma ambao hakiuoni. Kwa jicho ambalo halijaguswa, kukisia huko kunatosha. Kwa jicho la leza, katikati ndipo palipobapazwa zaidi, kwa hiyo kifaa kinaipa konea nguvu ambayo haina tena. Na hesabu nayo, ikiona konea bapa, inadhani lensi itakaa karibu na mbele. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, unaishia kuweka lensi dhaifu. Mgonjwa anaamka hasomi mbali wala karibu, na anarudi kwenye miwani ambayo alilipia kuiacha. Kwa Mama Riziki kulikuwa na baya zaidi: jicho likiwa ni moja, nani atathubutu kulifungua mara ya pili ili abadilishe lensi?

Basi ikabaki kumuuliza. Mnaona ni jambo dogo kwa sababu nyinyi mnajaza vibox kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa namuuliza dada yangu katika imani kama alidanganya mbele ya madhabahu, na binti yake amekaa hapohapo ameshika mkoba wake. Nilizunguka. Nilimuuliza habari za biashara, habari za mvua, kama amewahi kuumia jicho. Akaanza kuniangalia kwa jicho lake moja lenye ukungu kama anaona mgonjwa ni mimi.

Mwisho nikasema, “Mama Riziki, siku ile uliponywa, uliponywa huku ao ulikuwa mu safari?”

Mama Riziki akamwambia Debora, “Enda uninunulie maji. Usinunue hapa karibu, yao iko moto.”

Mlango ulipofungwa akasema, “Ni weye umejua, ao ni mashine?”

“Ni mashine. Minye bado sielewe kitu.”

“Nilienda ku kliniki kule Dubai. Walinilaza, wakaniambia nitazame taa nyekundu. Haikuumiza. Nikaamuka naona saa ya ukuta.” Sauti yake ikapanda kidogo. “Lakini sikudanganya, Papa Samweli. Niliomba miaka, na Mungu akanipitisha pale. Nilisema Mungu ameniponya. Uongo iko wapi? Hakuna mwenye aliniuliza nilipitia wapi. Mulisimama, mukaimba, na weye ulikuwa wa kwanza kusimama. Nilitaka kumalizia habari, lakini wimbo ukaanza. Wimbo ulipoisha nikaona nimechelewa.”

Ni kweli nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilikaa pale nikijiuliza kama huyu mama ni mwongo ama sisi ndio tulikuwa na haraka ya kuimba, na kila nilipoegemea upande mmoja, upande wa pili ulionekana wa haki zaidi.

“Kwa watu wengine haina neno,” akaendelea, chini sana sasa. “Lakini huyu mutoto. Alianza kutoona tableau ya darasa akiwa kidogo. Nilimununulia lunette, akakataa, akasema mama aliacha, na minye nitaacha. Anafunga, anakonda, anasema imani yake ni ndogo. Nitamuambia nini? Ukiniponya jicho hii nitamuona vizuri, na sijui kama nataka kumuona.” Akafuta shavu kwa ncha ya kitenge. “Usimuambie.”

Nikamwahidi. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kama inakukaa shingoni. Kisha nikamuuliza namba ya miwani yake ya zamani. Hakuijua. Karatasi za Dubai zilipotea siku nyingi, na kliniki yenyewe hakukumbuka hata jina.

Nikabaki na ukuta wa kanisa.

Mchungaji wetu nilimkuta anapanga viti. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, na nilipofika yote yakaniruka. Nikasema tu, “Mchungaji, naomba miwani ya Mama Riziki.”

“Ile ya ukutani?”

“Ile.”

“Ya nini?”

“Nataka kuipima. Nitaileta kesho.”

Aliacha kupanga viti. Vijana, kuna kifaa kidogo, mnakijua, unaweka miwani chini yake kinakusomea nguvu ya vioo. Mchungaji hakukijua kifaa hicho, lakini alijua mimi ni mtu wa macho, na aliuangalia ukuta muda mrefu. Sijui aliwaza nini. Huenda alijua tangu mwanzo, huenda ndipo alipoanza kujua, huenda aliogopa tu kwamba nitaivunja. Alipanda kwenye kiti, akaishusha mwenyewe, akapangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni.

“Upime,” akasema. “Lakini usiniambie utakuta nini.”

Kioo cha kulia kilikuwa minus saba na nusu, nguvu ya mtu asiyeona mbali. Nilipoiona namba hiyo nilisikia furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiye wa kazi hii. Hatimaye kitu kimoja kilikuwa kinapatana na kingine. Jicho la milimita ishirini na saba na miwani ya minus saba na nusu ni watu wa nyumba moja. Nikamtumia daktari. Akapiga hesabu kwa njia yake, akaongezea kile ambacho leza ilikiondoa, akalinganisha na njia nyingine mbili zisizohitaji historia, na zote zikakaribia lensi ya ishirini. Ishirini, na mashine ilisema kumi na saba na nusu. Akanambia hata hivyo hana hakika kabisa, kwamba jicho la leza linaweza kukudanganya hata ukilifanyia kila kitu. Nilipenda aliposema hivyo. Mimi nilidhani ni mimi tu niliyekuwa gizani.

Miwani niliirudisha. Mchungaji aliipokea, akaitundika palepale.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini upasuaji kwenda vizuri na namba kuwa sahihi ni habari mbili, na habari ya pili huijui mpaka bandeji itoke. Asubuhi ya kuitoa nilikuwa nimefika kabla ya mfagiaji. Debora alikaa kwenye benchi, midomo mikavu. Nilikumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa.

Daktari alitoa bandeji, akasafisha jicho, akamsogeza Mama Riziki mbele ya ubao wa herufi. Alisoma mstari wa juu, akashuka wa pili, wa tatu. Mimi nilikuwa nasoma naye moyoni. Mstari wa chini kabisa alikosea herufi moja, akarudia, akaipata. Daktari akamshika bega. Kisha akampa karatasi yenye maandishi madogo, hapo alihitaji kioo cha kusomea, na hilo ni la kila mtu wa umri wake. Tulikuwa tumepata. Nilikaa chini.

Mama Riziki hakufurahi vile nilivyotarajia. Aligeuka taratibu, akatazama chumba, pazia, mlango. Kisha akamtazama binti yake. Debora alikuwa ameinama mbele, amefinya macho, anajaribu kuuona uso wa mama yake kutoka kwenye benchi. Haikuwa mbali. Mimi ningezihesabu kope za mama yake kutoka pale.

“Unaona kama niko nacheka ao niko nalia?” mama yake akamuuliza.

“Sione vizuri, mama. Uko nacheka?”

Mama Riziki akaenda akaketi kando yake. Daktari akataka kutoka, mama akamwambia abaki. Mimi pia nikabaki, nikiwa sijui nitazame wapi.

“Debora, imani yako haina kosa,” akasema. “Minye nilipita ku mashine. Kule Dubai. Kila siku nilitaka kukuambia na kila siku nikaogopa. Ulikuwa unafunga na minye niko naangalia.”

Debora hakupiga kelele. Aliuliza, “Na lunette yenye iko ukutani?”

“Ni yangu. Ile iko kweli.”

“Kumbe Mungu hakunikataa,” Debora akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Alirudia tena, na mara ya pili sauti ilimvunjika. Mama yake alinyoosha mkono, Debora akausukuma. Akausukuma tena. Wala hakuondoka. Alisimama, akapapasa meza mpaka akaifikia mashine yangu, akaketi kwenye kile kiti kidogo, akaweka kidevu mahali pake bila kuambiwa.

“Nipime, Papa Samweli.”

Nikawasha taa, nikasogeza kifaa, nikatazama. Duara za mwanga zinazopima konea zilikuwa zinacheza, zinavunjika, zinaungana. Konea iliyojaa machozi haipimiki, vijana, inakupa namba ambayo si ya mtu huyo. Nikaizima taa, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, na wote wanne tukangoja.